Chenso imenoki: namna ya kufufua injini bila kununua pistoni mara mbili

Kuanzia Mafinga hadi Njombe, kwenye ukanda wa misindano na milingoti, chenso (misumeno ya mnyororo) za mtumba zenye injini mbovu zinauzwa kila mahali, na nyingi zinafaa kununuliwa. Bodi nzima, tangi zima, koili bado inatoa cheche. Kilichokufa ni pistoni. Tatizo linaanza baada ya hapo. Mtu ananunua pistoni na ringi mpya, anafunga, chenso inaita vizuri siku mbili tatu, halafu inanoki tena, yaani pistoni inakwama ndani ya silinda. Pistoni haifi yenyewe. Kuna kitu kiliiua, na usipokitafuta kitaiua na mpya.

Mfano wangu hapa ni Stihl MS 381, kwa sababu wapasuaji wengi wanayo: silinda yake ina kipenyo cha milimita 52 na ujazo wa sisi 72. Mwenye Husqvarna 272 ana injini ya ukubwa huohuo, na karibu kila ninachosema kinamhusu, ila mpangilio wa skrubu ni tofauti.

Hatua ya 1: Usivute kamba

Ukiletewa chenso iliyojamu, mkono unawasha kuvuta kamba uone. Acha. Kama ringi imevunjika, kila mvuto unachora silinda ambayo pengine ingeokoka. Ondoa baa na mnyororo, toa plagi, fungua kava la kamba, kisha zungusha flaiwili kwa mkono, taratibu. Ikigoma, tia oili kidogo kwenye tundu la plagi, iache ilale usiku mzima, asubuhi ichezeshe mbele na nyuma bila kulazimisha.

Hatua ya 2: Soma pistoni kabla ya kufungua silinda

Toa sailensa kwa spana nyota ya T27, mulika tochi kwenye tundu la eksozi. Kisha toa kabureta na mpira wake, mulika upande wa pili. Hapa ndipo kazi yote inapoamuliwa, kwa hiyo usiwe na haraka.

Michirizi mizito upande wa eksozi, huku upande wa kabureta ukiwa safi, maana yake injini ilikuwa inapata hewa nyingi na mafuta kidogo. Petroli ndiyo inayobeba oili, kwa hiyo ikipungua, oili nayo imepungua, na upande wa eksozi ndio wenye moto mkali zaidi. Sababu za kawaida ni oili sili (mpira unaoziba mwisho wa krankshafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni) iliyochoka, mpira wa kabureta uliopasuka, chujio la tangi lililoziba, au mtu aliyekaza skrubu ya H ya kabureta, ile inayopima mafuta injini ikienda kasi, ili chenso "iite zaidi".

Michirizi ikizunguka karibu pande zote, huku upande wa eksozi ukiwa mbaya kupita kote, shuku petroli tupu isiyochanganywa oili. Muulize mwenye chenso kwa upole, bila kumwaibisha, maana jibu lake litakuokolea saa nyingi. Mara nyingi utakuta kulikuwa na vidumu viwili vinavyofanana.

Pistoni iliyofifia rangi ya kijivu upande wa kabureta, sketi yake imeliwa ikawa nyembamba, hiyo ni kazi ya vumbi. Chujio la hewa lilitoboka, au halikukaa sawasawa. Mchanga mwembamba unapita na mafuta na kusaga kila kitu, beringi zikiwemo.

Juu ya pistoni kukiwa na vidonda vingi vya kugongwagongwa, kuna kipande cha chuma kilichopita humo: klipu ya pini iliyochomoka, au kifuko cha beringi kilichovunjika. Hiyo inakuonya kwamba gharama haitaishia kwenye pistoni.

Kama inazunguka, pima na kompresheni. Injini nzima ya ukubwa huu kwa kawaida huzidi psi 130; ikishuka chini ya psi 100 haina nguvu ya kupasua mbao hata ikiwaka.

Hatua ya 3: Pima uvujaji wakati injini bado haijafunguliwa

Mafundi wengi hupima mwisho, au hawapimi kabisa. Mimi nasisitiza upime kwanza, kwa sababu ukishafungua silinda na kutupa gasketi, ushahidi wa kilichoua injini umepotea.

Kata vipande viwili vya mpira wa tyubu. Kimoja kiweke kati ya silinda na sailensa kisha ukaze, kisha rudisha mpira wa kabureta na kingine kizibe mdomo wake. Rudisha plagi. Sasa unahitaji pampu kwenye kimpira kinachotoa mpigo wa hewa kutoka krankikesi (boksi la chini ya silinda lenye krankshafti) kwenda kabureta. Usitumie pampu ya baiskeli, presha yake itasukuma sili nje. Mashine ya kupimia presha ya damu, ile ya kubonyeza kwa mkono yenye saa, inatosha: alama 300 ya saa ile ni sawa na ba 0.4, na kiwango kinachotakiwa ni karibu ba 0.5. Jaza, subiri sekunde 20. Mshale ukishuka, paka povu la sabuni kwenye sili zote mbili, chini ya silinda, kwenye mpira wa kabureta na kwenye plagi. Penye mapovu ndipo penye muuaji.

Kuna sili zinazoshikilia presha lakini zinaingiza hewa injini inapovuta. Ukiwa na pampu ya mkono ya kunyonya hewa, ile wanayotumia mafundi wa breki, nyonya hadi ba 0.5, baada ya sekunde 20 isiwe imedhoofika chini ya ba 0.3.

Hatua ya 4: Toa silinda

Legeza skrubu nne za chini, vuta silinda juu moja kwa moja bila kuizungusha, maana ncha za ringi zinaweza kunasa kwenye matundu. Mara tu pistoni inapoonekana, ziba krankikesi kwa kitambaa safi. Klipu ikidondokea mle utahangaika sana.

Klachi nayo lazima itoke ili ufikie sili ya upande wake, na itoke kwanza. Pitisha kamba kwenye tundu la plagi kuzuia pistoni kabla ya kuondoa silinda, na kumbuka nati ya klachi ina hesi ya kinyume: hufunguka kwa kuzungusha kuelekea mshale wa saa. Klachi nyingi zimevunjwa kwa kusahau hilo tu.

Hatua ya 5: Amua kama silinda inapona

Silinda ya bodaboda ina chuma ndani, unaipeleka kwa mkerezaji anaipanua, unaweka pistoni kubwa zaidi. Ya chenso hii haikerezwi. Ni alumini iliyopakwa ndani tabaka jembamba na gumu sana lenye nikeli. Ukilikereza umeitupa silinda.

Habari njema ni kwamba mara nyingi michirizi unayoiona si mikwaruzo ya silinda, ni alumini ya pistoni iliyoyeyuka na kuganda juu ya tabaka lile. Kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, inaila alumini na kuiacha nikeli. Vaa glavu na miwani, fanya kazi nje penye hewa na mbali na moto, kwa sababu inatoa gesi inayowaka. Wakati wa kuiyeyusha tia soda kwenye maji, usimwage maji juu ya soda. Chovya kijiti chenye pamba, paka juu ya mchirizi peke yake. Itachemka mapovu. Futa, paka tena. Kaa mbali na kingo za matundu, kwani pale alumini ya silinda yenyewe iko wazi.

Mapovu yakikoma na uso ukabaki laini, umeshinda. Mapovu yakiendelea na pale mahali panazidi kuchimbika, tabaka lilishaondoka na sasa unakula silinda. Acha, nunua silinda mpya pamoja na pistoni yake. Iliyopona isuuze kwa maji mengi, kausha, pitisha msasa wa 400 kwa mkono kwa kukatisha mishazari, osha tena, paka oili. Pitisha ukucha: usinase popote.

Hatua ya 6: Beringi na sili

Shika konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krankshafti, ivute juu na chini. Isicheze hata kidogo. Kuyumba kidogo kushoto na kulia ni kawaida. Zungusha krankshafti ukisikiliza: ikikwaruza, osha krankikesi kwa petroli iliyochanganywa oili, mimina, rudia. Isipokoma, krankikesi inapasuliwa na beringi zinabadilishwa, na hiyo ni kazi nyingine yenye bei yake. Mwambie mteja kabla hujaendelea.

Sili badilisha zote mbili hata kama moja ilipita kipimo. Ni vitu vya bei ndogo.

Hatua ya 7: Funga

Mshale ulio juu ya pistoni uelekee eksozi. Uwazi wa kila ringi ukae kwenye pini yake ndogo. Klipu ziwe mpya, na midomo yake itazame juu au chini, isitazame pembeni. Mwendo wa pistoni huichomoa klipu iliyokaa vibaya. Ukinunua silinda ya bei nafuu, papasa kingo za matundu. Zikiwa kali, zilainishe kwa msasa mwembamba, la sivyo zitanasa ringi. Klipu za seti hizo mimi siziamini, natafuta za asili.

Paka oili, bana ringi kwa vidole, shusha silinda, kaza skrubu kwa kukatisha kidogo kidogo. Kisha rudia kipimo cha Hatua ya 3. Isipopita, usiwashe.

Hatua ya 8: Kabureta

Weka viwambo vipya vya kabureta, chujio jipya la tangi, na hakikisha kipumulio cha tangi hakijaziba. Plagi iwe na nafasi ya milimita 0.5. Funga skrubu za H na L (hii ni ya mwendo wa chini) polepole mpaka ziguse, kisha fungua kila moja mzunguko mmoja. Hapo ni pa kuanzia tu.

Hatua ya 9: Mafuta na kuwasha

Stihl wenyewe huelekeza 1:50 kwa oili yao, yaani mililita 20 kwa lita, na 1:25 kwa oili nyingine ya tustroki, yaani mililita 40. Pima kwa bomba la sindano kutoka duka la dawa. Kupima kwa macho, au kutumia oili ya injini ya lori, ndiko kunakojaza meza za mafundi.

Washa, iache ipate joto. Kisha finya trigeri hadi mwisho kwa muda mfupi bila kukata: mlio uwe mzito wenye kugugumia kidogo, na ukiingia kwenye gogo ugugumizi upotee. Ukilia mwembamba na safi bila mzigo, fungua H kidogo. Matangi ya kwanza ipe magogo ya wastani na usiiache ikilia juu bila kazi.

Wanaohama na chenso wajue na hili. Iliyorekebishwa Mafinga, kwenye zaidi ya mita 1,700, imezoea hewa nyepesi. Ukiipeleka Rufiji au Kilwa, hewa ni nzito, na mafuta yaleyale yanakuwa machache. Ukifika huko, kabla ya gogo la kwanza, fungua H kwa kuizungusha kinyume na mshale wa saa, robo mzunguko hivi, kisha sikiliza ule ugugumizi upya na urekebishe kutoka hapo.