Kisukari na upasuaji wa tumbo: namna ya kufanya utafiti kwa mafaili ya wodi yako

Kila mwaka ananijia intani au mwanafunzi wa uzamili na wazo lile lile: "Dokta, nataka kuangalia kama wenye kisukari wanapata shida zaidi baada ya upasuaji wa tumbo." Wazo zuri. Tabu ni kwamba anafungua faili, anatafuta palipoandikwa kisukari, anaweka "ndiyo" au "hapana", na utafiti unaharibika hapo hapo kabla hajagusa kompyuta. Katika mafaili mengi niliyopitia, "hana kisukari" maana yake ni "hakuna aliyempima".

Huu ni mwongozo wa utafiti wa kupitia mafaili, ule unaowezekana bila ruzuku ya mtu.

Hatua ya 1: Bana swali

Ngiri iliyopangiwa tarehe na utumbo uliotoboka usiku wa manane haviingii kapu moja. Chagua, kwa mfano, watu wazima wote waliofunguliwa tumbo ndani ya miezi 24. Andika utakachohesabu, kisha peleka pendekezo kamati ya maadili. Humgusi mgonjwa, sawa, lakini unasoma siri zake.

Hatua ya 2: Anzia rejista ya thieta

Usianzie chumba cha mafaili. Ukianzia huko utawapata waliorudi kliniki, na faili la marehemu mara nyingi haliko kwenye rafu yake. Chukua majina yote kwenye rejista, ndipo uyatafute mafaili. Yaliyokosekana yahesabu, na idadi yake iwemo kwenye ripoti.

Hatua ya 3: Makundi manne, si mawili

Hapa usiwe na haraka. Nakumbuka faili la mama mmoja aliyepasuliwa kwa sababu ya utumbo kujisokota. Ukurasa wa historia: hana kisukari. Nyuma ya chati ya dawa, kwa kalamu ya kijani, muuguzi wa zamu ya usiku alikuwa ameandika "RBG 14.2, saa 10 usiku", yaani sukari ya damu iliyopimwa bila kufunga ilikuwa 14.2 mmol kwa lita, juu sana. Hakuna aliyeifuatilia namba ile. Siku ya 6 kidonda kikatoa usaha. Ukimweka mama huyu kundi la "hapana", unaipaka chokaa ile ile picha uliyotaka kuiona.

Na si wodi zetu tu. Mwaka 2013 ilitoka taarifa ya wagonjwa 11,633 wa jimbo la Washington, Marekani, waliopasuliwa utumbo mpana au waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Takriban 29% sukari yao ilivuka 180 mg kwa desilita, yaani 10 mmol kwa lita, siku ya upasuaji au siku mbili zilizofuata. Waliovuka walikuwa na hatari kubwa zaidi ya maambukizi, kurudishwa thieta na kufa, wawe na kisukari au wasiwe nacho. Waliopanda siku ya upasuaji wakapewa insulini, hatari hiyo haikuonekana kwao. Nao mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 wa kuzuia maambukizi ya kidonda unahimiza kudhibiti sukari kwa wote, wenye kisukari na wasio nacho.

Kwa hiyo gawa hivi: (a) mwenye kisukari kinachojulikana, (b) asiye na historia lakini amevuka 10 ndani ya muda uliouweka, (c) aliyepimwa akawa chini ya hapo, (d) hakupimwa. Ukimtupia (d) ndani ya (c), umerudi ulikotoka.

Ukibahatika kukuta HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari kwa miezi miwili mitatu iliyopita, 6.5% kwenda juu inaashiria ugonjwa ulikuwepo kabla ya kisu. Ila usiiamini kwa mwenye sikoseli au aliyeongezewa damu karibuni.

Hatua ya 4: Safisha namba

Glukomita (mashine ya kupimia sukari) moja inasoma mmol kwa lita, nyingine mg kwa desilita. Ukikuta 140 katikati ya 7.8 na 9.1, hiyo ni mg. Gawanya kwa 18. Mashine ikiandika HI, sukari imepita uwezo wake wa kusoma, kwa nyingi ni 33.3. Nimeona HI ikiingizwa kama sifuri.

Hatua ya 5: Matokeo, kwa siku 30

Tumia madaraja ya Clavien-Dindo ya 2004, yanayopanga madhara ya baada ya upasuaji kwa ukubwa wa tiba iliyohitajika, kuanzia I hadi V, V ikiwa kifo. Wengi hukosea hapa: kidonda kilichofunguliwa kitandani kutoa usaha ni daraja la I, hata kama kilitisha wodi nzima. Akirudishwa thieta ni III. Akishindwa figo au mapafu akahitaji uangalizi wa mahututi, IV.

Utafiti wangu wa kwanza nilihesabu maambukizi hadi siku ya ruhusa tu. Wagonjwa wetu waliruhusiwa siku ya 5; vidonda vikafumuka nyumbani siku ya 9, wakatibiwa zahanati ya mtaani. Nikaandika kwa kujiamini kwamba kisukari hakina neno. Siku hizi, kamati ikiridhia, napiga simu, na swali langu ni moja: "Kidonda kilitoa maji au usaha baada ya kurudi nyumbani?"

Hatua ya 6: Hesabu kwa kiasi

Mafaili 200 yenye maambukizi 20 hayabebi vigezo kumi na viwili (sukari, dharura, umri na kadhalika) kwenye hesabu moja. Kanuni ya mkono ni matukio (hapa, maambukizi) kama 10 kwa kila kigezo, kwa hiyo una nafasi ya viwili. Mimi ningetanguliza sukari na dharura. Mgonjwa wa dharura huja na tumbo chafu, homa na sukari iliyopandishwa na ugonjwa wenyewe; usipomtenga, utailaumu sukari kwa kosa la kinyesi.

Jedwali la kwanza lichore kwa mkono, safu nne, ya nne ikiwa "hakupimwa". Wodini kwetu tulilibandika ukutani kando ya meza ya wauguzi. Matroni alisimama mbele yake kwa muda, hakusema kitu, kisha akachukua fomu ya oda ya mwezi na kuongeza boksi sita za stripu za kupimia sukari.