Kuosha kempa ya pikapu hapa Mwanza: ile ni nyumba ya mtu, usiioshe kama daladala

Kaka zangu na dada zangu mnaoosha magari Nyakato, Igoma, Kirumba na kwingine, hii nimewaandikia nyie. Kiangazi kikishaanza, kuanzia mwezi wa sita hivi, zinapita hapa mjini pikapu zenye boksi la kulala nyuma, zingine zina hema linalofunguka juu, wenyewe wanaita kempa. Zinakuja na barabara ya Musoma zikitoka Serengeti geti la Ndabaka, au ndo zinaelekea huko. Wenye gari wanafikia Capri Point au Bwiru na wanataka uwafuate hapo hapo walipo, maana kuacha gari kwenye kituo cha kuoshea ni sawa na kumwachia mtu usiyemjua ufunguo wa chumba chako, mle ndani kuna kitanda, jiko, friji, nguo, kila kitu. Ni kazi nzuri sana aisee, ila ukiingia nayo na akili ya kuosha Noah utaharibu mali ya mtu.

Vifaa havitishi. Mi natumia guta lenye simtanki ya lita 500 na mashine ndogo ya presha, hiyo inakunywa kama lita 7 kwa dakika, kwa iyo ukibana matumizi una saa nzima na kidogo ya kupiga maji, inatosha. Uwe na vakyum, brashi laini na brashi ngumu tofauti, shampoo ya gari (sio sabuni ya unga, ya unga inakula wax na inakausha raba), vitambaa vya maikrofaiba vingi vya kutosha, siki, jiki, mshumaa mmoja na ngazi yako mwenyewe. Usipande kwenye tairi ya spea, inapinda mlango wa nyuma.

Alafu jambo moja nisikilizeni vizuri, usikubali mteja akwambie "twende tu pale ziwani tukaoshee". Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na maji hayo hayo ndo wenzetu wanachota ya kunywa. Na kichocho kipo. Waosha magari wa Kisumu wanaosimama majini wamefuatiliwa na watafiti miaka mingi kwa sababu ya ugonjwa huo, wanatibiwa wanapona wanarudi majini wanaambukizwa tena. Ziwa letu ni hilo hilo moja, njoo na maji yako.

Ukifika, salimia, Mwangaluka bhabha, alafu zunguka gari na mwenyewe kabla hujashusha hata ndoo. Mwambie azime umeme wa nyuma na afunge gesi kwenye mtungi. Piga picha mikwaruzo iliyokuwepo. Pitisha kidole kwenye silikoni ya pembe za boksi na kuzunguka madirisha, ukikuta imepasuka mwonyeshe hapo hapo, maana maji ya presha yakipita pale yanaingia kwenye mbao ya ukuta na hutayaona leo, yataonekana baada ya miezi ukuta ukiwa umevimba na unanuka.

Sasa kazi inaanza kavu. Fungua hema lote, toa godoro, kung'uta, piga brashi turubai likiwa kavu, na ndani piga vakyum kuanzia juu kushuka. Vumbi jekundu ukilimwagia maji limekuwa tope na tope kwenye turubai ni doa la kudumu.

Maji anza nayo chini ya gari, wengi wanaanza juu wanamaliza na chini alafu matope yanarukia bodi iliyokwisha kung'aa. Udongo wa mbuga ule mweusi ukikauka unakuwa kama tofali, ulowanishe, uache dakika kumi, ndo upige. Angalia kwenye ekzosi na kwenye ule mwanya kati ya boksi na ubavu wa pikapu, majani makavu na mbegu za nyasi zinajazana pale, karibu na ekzosi ya moto zinaweza kuwaka kabisa. Zitoe kwa mkono, weka kwenye mfuko, usizisukumie uwanjani kwa mtu, gugu karoti linasambaa hivyo hivyo kwa matope ya magari.

Mbele kuna wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi, usiku wakiona taa wanaganda bampa nzima, rejeta na matundu ya hewa ya friji. Usiwakwangue. Chukua taulo kuukuu, lowesha, bandika pale dakika kumi, watatoka wenyewe kwa kitambaa. Wasikae siku nyingi juani, wanakula rangi.

Juu ya paa kuna sola, ioshe asubuhi kioo kikiwa cha baridi, usiikanyage. Presha kwenye boksi shika mbali, kama sentimita 60, na usielekeze kabisa kwenye matundu ya hewa, raba za mlango wala turubai. Na madirisha ya kempa nyingi sio vioo, ni plastiki ya akriliki. Petroli, thina, dawa ya vioo yenye amonia, vyote marufuku, plastiki inaota nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui na haitengenezeki. Maji na shampoo kidogo tu.

Turubai ndo moyo wa kazi. Maji matupu na brashi laini, sabuni inaondoa dawa ya kuzuia mvua. Ukikuta ukungu, siki sehemu moja kwa maji sehemu nne, paka, acha, futa. Jiki usiiguse hapo, inaozesha uzi.

Niwaambie kilichonipata. Nilimwoshea mama mmoja na mume wake, wanaondoka alfajiri, ilikuwa jioni mawingu yametanda nikagusa hema kwa nje nikaona limekauka nikafunga. Siku ya nne wakanitumia picha, pembeni kwenye mkunjo wa mshono kuna madoa meusi kama umemwaga pilipili manga, na yule mama ana pumu, wamelala na madirisha wazi usiku kucha. Niliumia sana. Niliwarudishia hela yote, ila lile hema halikurudi kama zamani. Toka siku hiyo sipokei kazi ya kempa baada ya saa nne asubuhi, nataka jua lote la mchana na upepo wa ziwa vinikaushie.

Hema likiwa linakauka ndo unafanya ndani. Friji futa kwa beking soda na maji, acha mlango wazi. Tanki la maji ya kunywa weka jiki ya kawaida isiyo na harufu ya maua, kama mililita 1 kwa kila lita ya maji, jaza, fungua bomba mpaka usikie harufu ya jiki, acha masaa manne, mwaga, suuza mpaka harufu iishe. Choo cha kubebeka kinamwagwa chooni, sio kwenye mtaro unaoshuka ziwani, na jiki usichanganye na dawa ya choo wala siki, ile hewa inayotoka inaua. Vaa glavu, na vitambaa vya chooni visikutane na vya jikoni hata kwa bahati mbaya, mi nimenunua vyekundu kwa ajili hiyo.

Zipu zote zipigie mswaki, toa mchanga, alafu sugua mshumaa juu chini, zitateleza vizuri.

Bei panga kwa masaa, maana moja unaimaliza kwa masaa matano, nyingine imetoka mbugani mwezi mzima haijaguswa na itakula siku yako yote. Mwambie mteja mapema.

Kabla ya kufunga hema usiguse katikati, katikati pakavu siku zote. Ingiza vidole kwenye mshono wa pembeni, chini ya godoro, na pale turubai linapokutana na fremu. Pakiwa pa baridi kwenye vidole bado pana maji, mwambie bosi asubiri nusu saa nyingine hata kama amewasha gari.