Kufundisha mgogoro wa kazi kwa jalada moja

Mhadhiri wa sheria za kazi hapa Dodoma asianze na vifungu. Awape wanafunzi watatu watatu jalada lenye mkataba, hati ya mshahara na barua ya kuachishwa kazi, kisha wajaze Fomu namba 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA).

Tarehe ndiyo inayowaangusha wengi. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, migogoro mingine siku 60. Weka barua yenye siku 34 uone nani atakumbuka kuomba kuongezewa muda kwa Fomu namba 2. Sehemu B ya Fomu namba 1 ni ya kuachishwa kazi tu; anayedai malimbikizo ya mshahara peke yake akiijaza, amekosea. Nakala apewe mwajiri kwanza, na uthibitisho wa kuipokea uambatanishwe.

Ongeza mitego miwili: mfanyakazi mwenye miezi minne kazini, ambaye kinga ya kuachishwa isivyo halali haimfikii, na mtumishi wa umma, ambaye njia yake huanzia kwenye rufaa za utumishi wa umma. Katika mji uliojaa wizara, huu wa pili hauepukiki.

Usuluhishi una siku 30. Darasani, dakika 40 zinatosha.