Namna ya Kuchagua Pawabenki Isiyokudanganya

Kwenye meza yangu ya ufundi simu hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya, pawabenki nyingi huletwa kwa lalamiko moja: imeandikwa 20,000, lakini inajaza simu mara moja tu na kuzima. Mara nyingi haijaharibika. Ilikuwa hivyo tangu ilipotoka dukani, na mnunuzi angeweza kuligundua hilo kabla ya kutoa fedha yake.

Hatua ya kwanza ni kujua unachohitaji. Tazama betri ya simu yako ina mAh ngapi, yaani miliampia-saa, kipimo cha chaji ambayo betri hubeba. Simu nyingi za sasa zina 5,000 hivi. Anayekwenda Dar es Salaam kwa basi, safari ya zaidi ya kilomita 800, anatosheka akijaza simu mara moja, ilhali anayelala shambani Chunya siku tatu pasipo umeme anahitaji kujaza mara mbili au tatu.

Hatua ya pili ni kuielewa namba iliyoandikwa kwenye ganda. Namba hiyo ni ya seli, yaani betri zilizomo ndani, ambazo hufanya kazi kwa volti 3.7, wakati tundu la USB hutoa volti 5. Zidisha 10,000 kwa 3.7, kisha gawanya kwa 1,000, utapata wati-saa 37, yaani nishati yote iliyomo. Ukizigawanya kwa volti 5 unabaki na mAh 7,400, na sehemu ya hizo hupotea kama joto wakati saketi inapopandisha volti, hivyo kinachofika kwenye waya ni kama 6,000 hadi 6,500. Kwa hiyo pawabenki ya 10,000, hata iliyo halali kabisa, huijaza simu ya 5,000 mara moja na kitu. Mtengenezaji mwaminifu huandika namba zote mbili, ya seli na ya kinachotoka, ile ndogo ikiwa kwenye maandishi madogo upande wa nyuma. Isomeni hiyo kwanza, hata kama muuzaji anawaharakisha.

Hatua ya tatu, ambayo mimi naiamini kuliko zote, ni kupima uzito. Seli za lithiamu haziwezi kubeba chaji nyingi bila kuwa na uzito wake: pawabenki ya 10,000 huwa na gramu 180 hadi 250, na ya 20,000 huwa kati ya 350 na 450. Muuza nyanya wa jirani ana mizani, mwombe. Ikiwa iliyoandikwa 20,000 ina gramu 150, hapo hakuna la kujadili. Hata hivyo, uzito mkubwa peke yake hauthibitishi kitu. Niliwahi kufungua moja iliyoandikwa 30,000, nzito kweli mkononi, nikakuta seli mbili zilizounganishwa kwa waya mwembamba, na pembeni yake kifuko cha nailoni kilichojaa mchanga mkavu. Itikise karibu na sikio, na uminye ganda pale lilipoungwa: ikilia ndani au ganda likiachia, irudishe.

Hatua ya nne ni matundu. Zidisha volti kwa ampia zilizoandikwa: volti 5 kwa ampia 2 ni wati 10, na volti 9 kwa ampia 2 ni wati 18, ambazo ndizo za chaji ya haraka. Angalia pia wati za kuingiza, kwa maana pawabenki kubwa inayoingiza wati 10 inaweza kuchukua usiku mzima kujaa, na umeme ukikatika katikati umebaki na nusu.

Atakayepanda ndege pale Songwe akumbuke kwamba pawabenki hubebwa kwenye mzigo wa mkononi tu, na kwa kawaida haitakiwi kuzidi wati-saa 100.

Mwisho, kubaliana na muuzaji kuhusu siku za kurudisha na ziandikwe kwenye risiti. Nyumbani, ijaze kabisa, kisha chaji simu iliyoshuka hadi asilimia 10 na uhesabu imejaa mara ngapi. Jaribio hilo lifanyieni ndani ya nyumba, hasa walio Makete na Njombe mwezi wa Juni na Julai, kwa sababu baridi hupunguza chaji inayotoka, na kuichaji betri ya lithiamu kwenye baridi ya sakitu huiharibu moja kwa moja.