Pikipiki ya theluji ikichimba shimo badala ya kupanda, anza na utepe wa kikomo

Kwenye theluji laini ya milima ya Rocky, wengi hukimbilia kununua shokapu mpya. Kabla ya hapo, angalia utepe unaozuia sehemu ya mbele ya fremu ya nyuma, ile inayobeba traki (mkanda mpana unaoisukuma mashine), isishuke kupita kiasi. Ukiwa mrefu mno, traki inaikabili theluji kwa pembe kali, skii (vile vibao vya mbele vya kuteleza) zinanyanyuka, uzito wote unaangukia nyuma na mashine inajichimbia mfereji.

Inua nyuma kwa jeki mpaka traki ining'inie. Fungua bolti ya chini ya utepe, ufupishe kwa shimo moja tu, ukaze kwa nati mpya ya kujifunga. Kama tepe ni mbili, lazima zikae shimo sawa, la sivyo mkono wa mbele unaoshikilia fremu hiyo utavutwa upande. Kisha pima upya ukazo wa traki, maana nao hubadilika. Hatua hii husahaulika sana.

Usizidishe. Utepe mfupi mno hufanya usukani uwe mzito, skii zizame, na mashine igome kulala ubavu unapokata mteremko.

Halafu springi za nyuma. Ukikaa na mzigo wako wote, nyuma ishuke takribani robo ya umbali wote inaoweza kushuka. Ikizidi theluthi, ongeza mkazo wa springi, kwani utepe peke yake hautakusaidia. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, ujaribu kwenye theluji isiyokanyagwa, mahali pa mteremko mdogo usio na hatari ya maporomoko ya theluji.