Kabla ya kamera ya utumbo na opresheni ya tumbo: mambo ya kupanga mapema kwa watu wa Dodoma

Ndugu zangu wa Dodoma, na nyie wa Kondoa, Mpwapwa, Kongwa mpaka Manyoni, kansa ya utumbo mpana tunachelewa sana kuigundua sababu mtu akiona damu chooni anasema tu ni bawasiri, ananunua dawa ya kupaka na miezi inapita. Bawasiri inaweza kuwepo na kansa ikawepo pia. Kwa hiyo kama unatoka damu, choo kimebadilika wiki kadhaa, unakonda bila sababu au umeambiwa damu iko chini na haijulikani inaishia wapi, usijipimie umri ukasema bado mdogo, nenda hospitali. Ile miaka 45 ya kuanza kupima kansa hii, ambayo Marekani waliishusha kutoka 50 mwaka 2021, ni ya mtu asiye na dalili yoyote.

Kipimo cha choo cha siku hizi, kinaitwa FIT, kinatafuta damu ya binadamu isiyoonekana kwa macho, ndo maana nyama choma uliyokula jana haikisumbui kama ilivyokuwa kwa vile vya zamani. Usichukue sampuli ukiwa kwenye siku zako au bawasiri inavuja. Kikikuta damu haimaanishi una kansa, ila kamera ya utumbo, ile inayopitishwa njia ya haja kubwa, lazima ifuate, usianze kurudia rudia kipimo mpaka upate jibu unalolitaka.

Sasa kamera, na hapa ndo pa kuzingatia kuliko pote, maana utumbo ukiwa mchafu daktari haoni vinyama vidogo vinavyoweza kugeuka kansa na unaweza kuambiwa urudi siku nyingine ulipe tena. Siku mbili tatu kabla acha ugali wa mtama na uwele, mlenda, maharage, karanga na matunda yenye mbegu, kula wali mweupe, mayai, samaki. Siku moja kabla ni vitu vya maji vinavyoonyesha tu, maji, chai ya rangi, supu iliyochujwa, ila juisi ya zabibu na ya choya (rosela) hapana kabisa jamani, najua ndo vinywaji vyetu lakini wekundu wake ukibaki kwenye utumbo unafanana na damu. Vidonge vya madini chuma kwa kawaida vinasimamishwa kama wiki moja kabla, vya kuyeyusha damu, sukari na presha muulize daktari, usiache mwenyewe. Dawa ya kuharisha mara nyingi inagawanywa, nusu jioni nusu alfajiri, na hiyo nusu ya alfajiri watu wanaikwepa wakati ndo inayosafisha vizuri, fuata karatasi ya hospitali yako. Na usije ukainywa halafu ukapanda basi kutoka Kondoa! Lala mjini kwa ndugu au gesti yenye choo ndani, uliza kabisa kama maji yanatoka. Njoo na mtu wa kukurudisha, ukishachomwa dawa ya usingizi bodaboda hapana.

Ikifika opresheni, uliza damu yako ni ngapi mapema, sababu upungufu wa damu unaotibika wiki kadhaa kabla unaweza kukuepusha kuongezewa, na ndugu wa kuchangia damu wajulikane kabla ya siku yenyewe. Sigara acha, wiki nne kabla ni bora zaidi, kidonda na mapafu vinafaidika. Kufunga kula usiku kucha bila hata maji ni mazoea ya zamani, miongozo mingi sasa ni masaa sita kwa chakula na mawili kwa maji, ila mtaalamu wako wa usingizi ndo anaamua.

Usione aibu kuuliza maswali. Kuna utafiti mkubwa uliotoka 2022, nchi saba zikiwemo Rwanda, Ghana na Nigeria, wagonjwa zaidi ya 13,000 wa upasuaji wa tumbo, timu ikibadilisha glovu na vifaa kabla ya kufunga tumbo maambukizi ya kidonda yalishuka kutoka 18.9% hadi 16.0%. Ni kitu kidogo sana, muulize daktari wako kwa heshima kama wanafanya. Muulize pia kama kuna uwezekano wa kuwekewa mfuko wa choo tumboni, ni wa muda au wa kudumu, na waweke alama ya mahali utakapokaa ukiwa umekaa na umevaa nguo zako, mfuko usije ukakaa palepale mkanda au khanga inapofungwa.