Kulala Mtoni Rufiji: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupanda Mtumbwi

Watu wa Dar tukipanga kwenda kulala mtoni usiku mmoja, mazungumzo yote huwa ya vitu. Nani ana hema, nani ataleta jiko, spika ya muziki inabebwa na nani. Mara ya kwanza sisi tulikuwa na vyote hivyo, na hatukulala mtoni. Tulitoka Mbagala Rangi Tatu saa nne asubuhi badala ya alfajiri. Foleni ikatula, mwenzetu mmoja akasahau chandarua tukamsubiri Mkuranga, na tulipofika ukingoni mwa Rufiji jua lilikuwa limeshainama. Mzee aliyekuwa atupigie kafi alitutazama, akautazama mto, akasema, "Wanangu, mto hauna taa." Hakutupeleka. Tulilala uani kwake pamoja na mbuzi, na asubuhi nikakubali kwamba alituokoa.

Tangu hapo, jambo la kwanza ninalolipanga ni saa. Begi linafuata baadaye.

Hesabu yangu naianza mwisho na kurudi nyuma. Huku kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro robo, kutegemea mwezi, na baada ya hapo haichukui hata nusu saa giza limekamilika. Muda huohuo ndio viboko wanaanza kutoka majini kwenda kula majani, na ndio wakati mbaya wa kuwa karibu na maji penye mamba. Kwa hiyo saa kumi na moja jioni hema liwe limeshasimama na kuni zimeshapatikana. Ili hilo liwezekane, saa kumi mtumbwi uwe umeshavutwa nchi kavu. Ongeza saa nne au tano za kupiga kafi bila haraka, ongeza muda wa kupiga hodi kijijini, kupatana bei na kupakia mizigo, ongeza saa tatu hadi nne za barabara ya Kilwa kutoka Dar hadi Ikwiriri. Utaona mwenyewe kwamba safari inaanza kama saa kumi na moja alfajiri. Mimi siku hizi hata hiyo naikwepa: naondoka Ijumaa jioni, nalala gesti Ikwiriri, na Jumamosi saa moja asubuhi niko ukingoni nikiwa na usingizi wa kutosha.

Asubuhi ina faida nyingine ambayo wapiga kafi wanaijua kuliko sisi. Mto unaelekea mashariki, baharini, na mchana nchi kavu ikishapata moto upepo wa bahari huingia ukitokea hukohuko mnakokwenda. Maji yaliyokuwa kama kioo saa mbili asubuhi yanakuwa na viwimbi saa nane, na mtumbwi mliokuwa mkiusukuma kwa mkono mmoja unaanza kuwatoa jasho. Kumbuka pia kwamba kushuka na maji ni rahisi lakini mwenye mtumbwi lazima arudi kwake akiupanda mto. Bei ya kurudi na ya usiku atakaolala nje ipatanwe kabla, mbele ya shahidi, kwa heshima. Ukianza kubishana mkishafika mtakuwa mmemdhulumu.

Halafu msimu. Kosa letu la mjini ni kuangalia mawingu ya Dar. Rufiji haiulizi kama Mbagala imenyesha. Maji yake yanatoka mbali: Kilombero, Luwegu, Ruaha Mkuu, mito inayokusanya mvua za nyanda za juu na mabonde ya huko. Anga linaweza kuwa jeupe Kibiti huku mto ukipanda. Aprili 2024 vijiji vya Rufiji na Kibiti viliingiliwa na mafuriko, mashamba na nyumba vikafunikwa. Na sasa kule juu lipo Bwawa la Julius Nyerere, kwa hiyo kina cha mto kinategemea pia maji yanayofunguliwa huko. Masika, Machi hadi Mei, mimi siendi kabisa. Juni hadi Septemba ndiyo miezi yangu. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, ndiyo, lakini ukifika muulize anayeoga na kuvua pale kila siku: siku tatu hizi maji yamepanda au yameshuka? Jioni chomeka kijiti pale maji yanapoishia. Kabla ya kulala kimulike. Kikiwa kimeshaingia majini, hamisha hema usiku huohuo.

Kuhusu mwezi, chagua usiku wa kama tarehe kumi au kumi na mbili ya mwezi wa Kiislamu. Giza linaingia mwezi tayari uko juu. Ila kama mnakwenda chini kabisa kwenye delta, kwenye mikoko, hesabu inabadilika, maana huko bahari inaingia mtoni. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila siku yakichelewa kwa kama dakika hamsini, na wakati wa bamvua, mwezi mpya na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa pwani ya Dar hupita mita tatu. Mkondo mliokuwa mkiutegemea unageuka na kuwarudisha, au mnaamka mtumbwi umekaa juu ya tope na maji yako mbali. Kwa safari ya kwanza ningebaki juu ya delta, kwenye maji yasiyo na chumvi yanayokwenda upande mmoja tu.

Sasa pa kulala. Kiangazi Rufiji inaacha mafungu ya mchanga katikati na pembeni, meupe, safi, yanakuita. Hapo ndipo mgeni anasimamisha hema, na hapo ndipo pabaya kuliko pote. Mamba huota jua papo hapo, na maji yakipanda kidogo mko kisiwani. Panda juu ya ukingo, mbali na maji, hatua hamsini na kuendelea. Kisha tembea kuangalia chini kabla hujashusha mzigo. Ukiona njia iliyosuguka, pana, imekata ukingo kama mfereji na ina samadi iliyorushwa kwenye vichaka, hiyo ni barabara ya kiboko. Atapita usiku kwenda malishoni na atarudi alfajiri, na mnyama wa zaidi ya tani moja hazunguki hema. Hatari yake kubwa ni kumkalia kati yake na maji. Ndiyo maana hata mchana mpiga kafi mzoefu hupita kwenye maji mafupi akiwaachia wao kina, huku akigonga ubavu wa mtumbwi ko, ko, ko, wajue kuna mtu. Ukimsikia anagonga, nyamaza na usisimame.

Bora kuliko hema ni dungu. Wakulima wa mpunga wa Rufiji hujenga vibanda juu ya nguzo ndefu ili walinde mashamba dhidi ya viboko na nguruwe, na zamani za mafuriko makubwa familia ziliishi humo huku maji yakipita chini. Ukimwomba mwenye shamba vizuri, ukampelekea sukari na majani ya chai, unaweza kupewa dungu lisilotumika. Kwangu hakuna hoteli inayolifikia.

Hili la kuomba si adabu tu. Ukingo ambao wewe unauona mtupu una kijiji chake. Fika kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji, jitambulisheni, semeni mnalala wapi na mnaondoka lini. Mkienda juu upande wa Mloka mnaikaribia Hifadhi ya Taifa Nyerere, iliyotangazwa mwaka 2019, na humo hakuna kulala bila kibali cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Mikoko ya delta nayo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Usikate hata kijiti cha kuni.

Mtumbwi wenyewe utiwe majini mtupu kwa robo saa kabla ya kupakia. Wa mti mmoja una nyufa zilizozibwa, na ziba nyingine ni matumaini tu. Mkishakaa wote na mizigo yote, ukingo wake ubaki juu ya maji shubiri nzima. Ukipungua, mtu mmoja apande mtumbwi wa pili. Jaketi okozi kila mtu na livaliwe, lisiwe mto wa kukalia. Makafi ya akiba mawili, pondo moja (mti mrefu wa kusukumia mtumbwi), kopo la kutolea maji likiwa limefungwa kamba. Vitu visivyotakiwa kulowa vinakaa vizuri sana kwenye ndoo za rangi za lita ishirini zenye mfuniko, zile wanazouza mafundi. Madumu mawili matupu yaliyofungwa ndani ya mtumbwi yanausaidia kuelea ukijaa maji. Ukipinduka, shikeni mtumbwi na kuusukuma ukingoni. Begi liende linakokwenda.

Maji ya kunywa bebeni lita nne kwa kila mtu kwa siku. Ya mto yana tope: yaache yatuame, chuja kwa kitambaa, chemsha. Yachoteni kwa ndoo yenye kamba ndefu, mkisimama juu, na kabla ya jioni. Kuoga mtoni sahau, kwa sababu ya mamba na kwa sababu ya kichocho, ambacho kinapendelea maji yaliyosimama penye majani na konokono. Aliyelowa miguu kwa muda akapime baada ya miezi miwili mitatu hivi, hata kama hajisikii chochote.

Chakula sina maneno mengi. Unga, karanga, chapati za jana, ndimu na chumvi kwa ajili ya samaki mtakaonunua njiani. Matumbo ya samaki yasitupwe pale mnapoteka maji. Chandarua chenye dawa ni lazima, na sweta pia. Mtu wa Dar anacheka akisikia sweta hadi saa tisa usiku ya mwezi wa Julai.

Beba pesa taslimu, maana wakala huwa mbali. Nyumbani mwachie mtu mmoja jina la kijiji, namba ya mwenyekiti na saa mtakayopiga simu, na mkubaliane kabisa kwamba ikipita saa mbili baada ya hapo ampigie mwenyekiti, kisha 112. Aliyeumwa na nyoka msimchanje wala msimfunge kamba. Atulizwe, kiungo kisitikisike, mtumbwi uelekee kwenye zahanati.

Ile spika iacheni nyumbani. Usiku mtataka kusikia majani yakikatwa gizani, krap, krap, ili mjue ni upande gani wa hema usiotokwa kwenda kujisaidia.